Dawa Inayokaa Mwezi Mzima

Mabawa, Tanga
Jumapili, Novemba 1957

Shikamoo Mama,

Najua hutaitikia. Nimeiandika hata hivyo, maana sijawahi kuanza maneno nawe bila shikamoo, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu.

Shajara yangu bado naiandika kila jioni, tarehe juu, mambo ya siku chini, kama tulivyozoezwa skuli. Lakini tangu tukuzike kule kwenu Mwera kurasa zangu zimekauka. Mvua, wagonjwa, samaki hawakupatikana sokoni. Yaliyo moyoni hayataki kukaa humo. Nimeona afadhali nikuambie mwenyewe.

Ni habari za mjukuu wako Zuhura. Yu hai, na anacheza. Hilo nalitanguliza ili yanayofuata usiyapokee kwa hofu.

Unakumbuka alipolazwa mara ya kwanza, homa ya viungo imemvimbisha magoti, na daktari akasikia moyoni mlio usio wa kawaida. Penisilini aliyopewa siku zile ilikuwa ya maji. Ikiingia mwilini hutoka upesi na mkojo, kwa hiyo sindano ilirudiwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mtoto akisikia viatu vya muuguzi tu, analia. Wewe ulikaa sakafuni ubavuni mwa kitanda chake. Nilipokuja kutoka kazini ukashika pindo la koti langu jeupe ukasema, "Bwana Dawa, nyinyi wote mliosoma, hamkupata dawa ya kumdunga mtoto mara moja mkamwacha alale?" Nilicheka, nikidhani ni mzaha wako wa kawaida. Kisha nikaona macho yako.

Mama, ipo. Imefika zahanati kwetu miezi michache baada yako.

Ni penisilini ileile, ila wataalamu wameiunganisha na kitu kingine kinachoifanya iwe ngumu kuyeyuka. Ni nyeupe kama tui zito. Chupa lazima uitikise kwanza, na sindano yake ni nene. Hudungwa ndani kabisa ya nyama ya tako, na hapo hukaa ikiyeyuka kidogo kidogo, mwezi mzima. Daktari wetu hunipa majarida yake akishayamaliza, nami huyasoma na kamusi pembeni. Naona huko kwao Ulaya siku hizi watu hawatafuti dawa mpya tu. Wanatafuta namna ya kuiondolea dawa ya zamani ile haraka yake. Ile ya wagonjwa wa sukari wameitengeneza ikae kutwa. Kuna na kidonge ambacho ndani yake mna chembe ndogo ndogo, nyingine zimevikwa ganda jembamba na nyingine ganda nene, ili zisifunguke zote kwa pamoja. Niliposoma hapo nilikusikia kabisa ukisema: kama wageni wa harusi, wapo wanaokuja na ngoma, wapo wanaokuja na pilau.

Zuhura nilimweleza kwa nabati, ile sukari ya kumung'unya. Ukiitafuna imekwisha, ukiiweka shavuni inakufikisha mpaka chuo cha Kurani. Alielewa papo hapo, kisha akadai nabati yenyewe.

Aliyekuwa mgumu ni mama yake, Mwanaidi. Nikikueleza, usimkasirikie. Binti yako alifanya ulivyomfunza.

Kazi yako ameirithi yeye. Waliojifungua, wenye migongo, waliotenguka, wote bado wanakuja kwetu kukandwa, na wanasema wakifumba macho hawajui ni mikono yako au yake. Basi Zuhura alipodungwa dawa hii kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani akichechemea, na pale alipodungwa pamefanya donge. Mama yake akapasha chumvi moto, akaifunga kitambaani, akatia mafuta ya nazi na kuzungusha dole gumba mpaka donge likalegea. Si ulikuwa ukisema, "Donge halilali na mtu"? Basi halikulala. Mtoto alipata usingizi mzuri. Mimi siku hiyo nilikuwa Maramba na wenzangu, tukiwadunga watu wenye vidonda vya buba.

Mwezi haukuisha. Homa ikarudi, goti la kulia likavimba tena.

Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Akaniuliza mtoto alifanywa nini baada ya sindano. Nilipokwenda kuuliza nyumbani na kumrudishia jibu, alisema dawa hii haitaki kusuguliwa wala kupashwa moto, huenda yote iliyeyuka kabla ya wakati wake. Hakuapa kuwa ndiyo sababu. Lakini alisema kila homa hii inaporudi huacha jeraha moyoni, na moyo wa mtoto si wa kuachiwa majeraha mengi.

Nilimweleza Mwanaidi kwa upole wote niliokuwa nao. Alikuwa anamkanda kiuno jirani yetu Bi Mgeni. Aliondoa mikono yake, akaifuta. "Mikono hii nimepewa na Mama," akasema. "Leo kaka unakuja kuniambia ndiyo inayomuua mwanangu?" Nikasema sikusema hivyo. "Na ni dawa gani hiyo inayoogopa mafuta ya nazi?" Bi Mgeni, kifudifudi pale mkekani, akadakia, "Inadeka kama bibi harusi." Alicheka peke yake.

Tangu hapo Mwanaidi akawa ananipakulia chakula na kuondoka zake. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni kwamba aliacha kukanda kabisa. Watu walibisha hodi wakaambiwa hakandi, wakarudi. Harufu ya mafuta ya moto ikatoka nyumbani, Mama. Nilihisi kama tumekuzika tena, na safari hii nimeshika jembe mimi.

Siku ya sindano iliyofuata nilikuwa na wasiwasi kuwa hatamleta mtoto. Nikifika mlangoni nachungulia, narudi. Akamleta. Alikaa kwenye benchi, na mikono yake yote miwili alikuwa ameiviringisha katika pindo la kanga akaifunga fundo. Nikamuuliza ni nini.

"Nimeifunga," akasema. "Ikimsikia analia inakwenda yenyewe."

Ilibidi mwenzangu avute dawa kwenye bomba la sindano. Mimi sikuweza.

Nyumbani Zuhura alilazwa kifudifudi, akilia kwa sauti ndogo, ile ya mtoto aliyechoka. Mwanaidi akafungua fundo. Akamtazama mwanawe, akalitazama lile donge, kisha akasogea taratibu mpaka mwisho wa mkeka na kuichukua miguu. Akaanza kukanda nyayo, kidole kwa kidole, kama ulivyotukanda sisi tulipokuwa na homa. Hakuna aliyemwambia. Mtoto akalala, na donge lake likalala naye.

Kesho yake Bi Mgeni akapata lake la kusema: "Kumbe inadeka huko juu tu, huku chini haina neno." Safari hii na Mwanaidi alicheka, akamwambia alete kiuno chake.

Sasa siku za sindano Mwanaidi huja zahanati hata kama si zamu ya Zuhura. Anawaambia wenye watoto, "Pale msipaguse, mama. Kandeni nyayo." Mimi nilikuwa nikiwaambia lilelile, nao wakinijibu "ndiyo, bwana" na kwenda kupasha chumvi. Yeye wanamsikia, kwa kuwa wameijua mikono yake.

Homa haijarudi. Daktari amempima tena wiki hii: mlio bado upo, lakini haukuongezeka. Itabidi adungwe kila mwezi mpaka awe mtu mzima, na hata hivyo hakuna anayeweza kutuapia. Sikufichi.

Amekatazwa kukimbia. Jana alikuwa kwenye bomba la maji na wenzake, akaniona natokea njiani, akaja mbio. Nilifungua mdomo nimkemee. Akasimama mbele yangu anahema, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kama daktari, akasikiliza.

"Unakwenda, mjomba," akasema.

Mama, hautapita mwezi mtoto huyu akakosa sindano yake. Mvua ikikata barabara, nitaifuata kwa miguu. Nikiwa mbali, mwenzangu atamdunga, na Mwanaidi atakuwa pale miguuni pake. Ijumaa tunakuja Mwera kukusomea dua, na Zuhura tunakuja naye, atatembea, hatakimbia.

Basi pumzika, Mama. Zamu ya kukesha na mtoto tumeipokea sisi.

Mwanao,
Salimu