Mistari Miwili ya Damu

Bukoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unaweza kufika shambani. Sisi huku hatujambo, ila mvua imezidi. Sijui huko Mabira migomba imesimamaje. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na haya si ya kusikiwa na wapita njia.

Kaka Desderius alifika salama na mwanawe Evelyn. Mtoto alikuwa amevimba vidole, macho ya manjano, analia akiguswa. Hospitali ilimwongezea damu na sasa anadai ebitoke, ndizi zetu za kupika, kama kawaida yake. Kabla ya kumwongezea, daktari alimtoa damu ya kipimo kinachofanyika kwenye maabara yetu, kinaitwa elektroforesi. Kwa kuwa ni damu ya nyumbani, nilimwachia mwenzangu Benitha akifanye.

Nikueleze kama nilivyomweleza kaka. Ndani ya damu mna himoglobini, ile inayobeba hewa mwilini. Tone dogo huwekwa kwenye utepe uliolowa maji ya dawa, kisha tunapitisha umeme. Katika maji yale himoglobini huwa na chaji hasi, hivyo huvutwa kuelekea upande chanya. Ya kawaida ina chaji hasi zaidi, hutangulia. Ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, imepungukiwa chaji hiyo, hubaki nyuma. Tukitia rangi, kila moja huonekana ilipofikia. Mzima ana mstari wa mbele tu. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja ana mistari miwili, na kwa kawaida haumwi. Evelyn hana wa mbele. Ana wa nyuma peke yake.

Kaka akasema basi Mama alisema kweli, damu mbaya imetoka kwa mkewe Mukakalisa, na alifanya vyema kumrudisha kwao Igurwa. Nikamjibu kwamba mtoto hawezi kuupata ugonjwa huu kwa mama peke yake. Nikamwambia, “Kunja shati, kaka, nawe upimwe.” Alikasirika akatoka hadi getini. Baadaye akarudi, akanyoosha mkono bila kunitazama.

Mistari miwili. Akataka Benitha arudie. Ikawa ile ile. Kisha akaniuliza, “Kumbe nimemfukuza mke wangu kwa kitu nilicho nacho mwenyewe?”

Mama, nami nilipimwa. Ninayo miwili pia. Tangu hapo namuwaza marehemu ndugu yetu Gaudiosus: vidole vile vile, macho yale yale, kilio kila baridi ilipoingia. Aliyezikwa hapimwi, lakini naamini alikuwa na selimundu, na aliirithi kwako na kwa baba. Hakulogwa na mtu. Wala hukukosea kumlea, kama ulivyozoea kujilaumu. Wakati ule hapakuwa na wa kutuambia. Evelyn ameanzishiwa dawa ya kila siku na kliniki, na watoto wengi wa namna yake wanakua.

Kaka hakungoja ruhusa yako. Ameondoka leo na mtoto kwenda Igurwa kuwaangukia wakwe zake. Wakimkubalia, Jumapili watakuja wote watatu kwako. Najua mdogo ndiye huanza kusalimia. Mara hii naomba utoke nje, uanze wewe kumsalimia Mukakalisa.

Mume wangu Polikarpi anakuamkia. Wasalimie majirani, na Mungu akutunze.

Mwanao,
Prudensia