Diski Isiyofutika

Binti yangu amenunua mashine ya kuchoma DVD, mdogo wangu! Mpya kabisa, kwa mshahara wake wa kwanza wa uhasibu. Majirani wote wameshapita kuiona, na wala sikumzuia mtu. Haya, sasa hujambo? Wanangu hawajambo?

Mimi nimechoka, miguu imevimba. Jana tulizunguka maduka matatu tukitafuta diski tupu za kunakilia kanda ya harusi yangu, maana imeanza kukwaruza. Muuzaji akauliza, "Mnataka zenye alama ya kujumlisha, za alama ya kutoa, au zile za kufuta na kurekodi upya?"

Nikamjibu, "Baba, nimekuja dukani au nimerudi darasa la nne?"

Binti akacheka, akasema tuchukue za kufutika, tukikosea turudie. Msomi yule, lakini nilimkatalia. Juzi shemeji yako aliniuliza mimi ni nani, na kama mama yake anajua nimeingia ndani. Nilimwambia anajua, nikammiminia chai. Nyumba hii yanayofutika yametosha.

Tumechukua za kutoa, ambazo deki yako kuukuu nayo inazisoma. Zikishachomwa, basi, hazifutiki. Kwenye kanda ile shemeji yako ananiita jina langu mbele ya ukumbi mzima. Nataka ajisikie akiliita, nanyi nyote mkiwepo, huenda likamrudia. Njooni asubuhi, ndipo huwa ametulia.

Ni mimi dada yako, mama wa mhasibu, ninayewangoja nyote Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao.