Kitufe cha Tano

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta mpya zimefika. Nne, nyembamba, zinang'aa. Sikatai, nzuri. Lakini nimechomeka kipanya changu — mshale unatembea, vitufe viwili vya juu vinafanya kazi, na vile vitano vya ubavuni vimekufa. Kimya! Nabonyeza nakili, hakuna. Bandika, hakuna. Hifadhi, hakuna.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Sisi wapanga kurasa tunamwita Haiwezekani, maana ndilo jibu lake hata ukimwomba akupunguzie mwanga wa skrini. Akakigeuza kipanya tumbo juu, akakitazama kama daktari aliyechelewa kuitwa. Kampuni iliyokitengeneza ilishaacha kukishughulikia, anasema. Programu yake haiingii kwenye mashine mpya. Haiwezekani. Akanipa kingine chepesi, vitufe viwili na gurudumu. Kinateleza mkononi kama sabuni.

Niandike, ingawa najua mwenyewe: mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Cha shahada na cha kati vilibaki kwenye mashine ya kukatia karatasi, chumba cha nyuma cha kiwanda hikihiki cha uchapaji, miaka tisa iliyopita. Wenzangu wakitaka kunakili au kuhifadhi wanabonyeza kitufe cha Kontroli na herufi bila kuangalia. Mimi natafuta, nakunja kiganja, nakosea. Ndiyo maana marehemu Mzee, aliyekuwa mwenye kiwanda, aliniletea kipanya hiki. Kuvipa vitufe kazi nilifanya mwenyewe, jioni mbili na kijitabu cha maelezo: nakili, bandika, tendua ya kufuta ulichokosea, kuza, hifadhi. Kidole gumba cha kulia kikashika kazi ya viwili vilivyoondoka.

Na sasa nikitupe? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Meneja katuita. Ni mtoto wa Mzee. Nilikuwa namwona akija hapa na sare ya shule, leo ana tai. Mashine mpya, kasi mpya, anasema. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, kila mpanga kurasa atapimwa: kurasa nane za kitabu cha hesabu kwa saa mbili. Atakayeshindwa atahamishiwa mapokezi.

Alipofika kwenye neno mapokezi macho yakanijia mimi. Kisha akanifuata mezani, sauti ya chini: kule utapumzika, mama.

Nani kamwambia nimechoka? Miaka ishirini na mbili napanga vitabu. Kuna watu wamejifunza sehemu na desimali kwenye kurasa zangu, na leo wanawafundisha watoto wao. Mapokezi ni kusema karibu na kuwaonyesha watu choo kiko wapi.

Nimejipima na kile kisabuni. Saa mbili — kurasa nne na nusu. Mkono unauma hadi begani. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu kapiga simu kutoka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Mama, si ukubali tu, anasema, umri nao unakwenda. Nikamjibu kama anataka mama wa mapokezi akatafute mwingine. Akacheka! Nikacheka na mimi, ingawa nilikuwa bado nimenuna.

Halafu kauliza swali la maana. Hizo kazi za vitufe zinakaa wapi, ndani ya kipanya au ndani ya kompyuta? Nikasema sijui. Akasema sasa utajuaje kwamba kimekufa?

Nimepindua kabati lote. Kijitabu kilikuwa chini ya mablanketi. Ukurasa wa kumi na tisa, kwa maandishi madogo: kuna kisanduku cha kutia tiki, ukikitia, mipangilio inaingia kwenye kumbukumbu ya kipanya chenyewe na inakwenda nacho popote. Miaka tisa sijakitia tiki! Kazi za vitufe vyangu ziko ndani ya kompyuta yangu ya zamani. Na kompyuta ya zamani iko stoo, inachukuliwa Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba fundi anifungulie stoo. Haiwezekani, anasema, mashine zimeshaandikwa kuwa zimetoka.

Nikachukua chai yangu, nikakaa juu ya rimu za karatasi mlangoni pa stoo. Saa nzima ya chakula cha mchana. Kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeuliza nilimweleza kwa kirefu.

Fundi akaja. Mama, watu wanaangalia. Nikamwambia waangalie.

Kesho saa mbili asubuhi, amekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Kompyuta yangu ilikuwa chini ya kiti kilichovunjika mguu, vumbi tupu. Ilichukua muda kuwaka, inaguna na kukohoa, mpaka nikaanza kuibembeleza kwa sauti. Fundi akajifanya hasikii.

Ikawaka. Nikafungua ile programu — vitano vyangu vyote vipo, kila kimoja na kazi yake. Nikatia tiki. Maneno yakatokea: kumbukumbu ya kipanya ina nafasi ya vitufe vitatu.

Vitatu! Nilikaa nikaitazama skrini. Fundi alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Basi nikachagua. Nakili na bandika, hayo hayana mjadala. Kuza, gurudumu litasaidia. Ikabaki tendua na hifadhi. Moyo ulikuwa kwenye hifadhi. Lakini kwa ukurasa mmoja nakosea mara ishirini na kuhifadhi mara mbili tu, na kuhifadhi naweza kwenda kwenye menyu kwa mshale, polepole. Nikachagua tendua. Nitakumbuka, nikamwambia fundi.

Tukakichomeka kwenye mashine mpya. Nakili. Bandika. Tendua. Vinafanya kazi! Nikapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Fundi alitoa kitambaa mfukoni, akakaa, akaanza kusafisha uchafu wa miaka tisa kwenye mianya ya vitufe. Sikutegemea. Nikamwachia amalize.

Jumatano, 12 Machi

Kurasa nane, saa moja na dakika hamsini na mbili!

Ila kuna tatizo. Gumba langu lina ubishi kuliko mimi. Kila nikimaliza ukurasa linajiendea lenyewe kwenye kitufe cha tano, linabonyeza, linaridhika. Kitufe hakifanyi lolote. Jana nilifunga kazi, mashine ikauliza kama ihifadhi, nikajibu hapana nikidhani nimeshahifadhi, nikapoteza ukurasa mzima wa pembetatu.

Dawa nimeipata: nimebandika plasta juu ya kitufe cha tano. Gumba likigusa plasta nakumbuka, naenda kwenye menyu. Leo halijanidanganya hata mara moja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebandua plasta. Meneja kapita mezani, kaiona, kaniuliza kwa huruma kama kipanya nacho kinaumwa. Wenzangu wakacheka, hawana ubaya. Lakini kesho sitaki aone mgonjwa hapa, wala wa nyama wala wa plastiki. Nitakumbuka bila plasta. Mimi si mtoto.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Umeme umekatika. Naandika nikiwa mezani kwangu, heri kalamu kuliko kukaa bure.

Tulianza saa tatu kamili. Ukurasa wa kwanza na wa pili nilihifadhi kwenye menyu, nakumbuka vizuri. Halafu kazi ikanoga. Sehemu zinakaa, michoro inakaa, nilikuwa mbele ya mwenzangu wa kulia! Wa tatu, wa nne, wa tano, nusu ya wa sita. Feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi. Nikatazama mkono wangu. Gumba lilikuwa juu ya kitufe cha tano.

Sijahifadhi. Kurasa tatu na nusu, hewani. Nimejitukana maneno ambayo siyaandiki hata humu.

Wenzangu watatu wametulia, wanakunywa maji. Wao wanahifadhi bila kufikiri, Kontroli na herufi, basi. Meneja kasimamisha saa. Nimebakiwa na dakika arobaini.

Fundi kaja na uso umemshuka. Anasema programu mpya ina uwezo wa kujihifadhi yenyewe, ila aliuzima kwenye mashine zote kwa sababu ulikuwa unazifanya nzito. Hakuniambia. Kumbe makosa tumegawana.

Kisha Meneja akavuta kiti, akakaa karibu. Akasema kwa upole kabisa: nitakuandikia umepita, mama. Kwa ajili ya mkono. Baba angefanya hivyo.

Nilitaka kukubali. Naandika ukweli, nilitaka. Ningekwenda nyumbani, ningempigia binti yangu nimwambie nimepita. Na kuanzia Jumatatu kila ukurasa nitakaompa atausoma kwa huruma, na nikikosea atasema ni mkono.

Nikamwambia baba yako hakuniandikia nimepita. Alinipa kipanya. Andika kurasa mbili, kwa sababu mbili ndizo zilizopo, na uniachie dakika zangu arobaini.

Akashangaa. Kurasa sita kwa dakika arobaini, mama? Haiwezekani.

Fundi, aliyekuwa bado kasimama mlangoni, akamwambia: bosi, muda wake haujaisha.

Hilo tu. Sikuamini ni yeye. Meneja akamtazama, akanitazama mimi, akaishika saa yake.

Nadhani sitafika nane. Hesabu najua, ndiyo ninayoipanga. Lakini vichwa vya kurasa ninavyo kichwani, na ile michoro nimeshaichora mara moja, mara ya pili huwa rahisi. Nimemwomba mwenzangu wa kulia plasta. Hana mkasi, nimeikata kwa meno. Nimeibandika juu ya kitufe cha tano, kubwa, nyeupe, inaonekana hadi mlangoni. Meneja anaiangalia. Aiangalie!

Feni imeanza kuzunguka. Taa zimewaka. Mashine inaniuliza neno la siri, naliandika kwa vidole vitatu, limekubali. Ukurasa wa tatu ni mweupe kabisa.

Meneja anasema, mama, naanza kuhesabu —