Yasmini ya Kiangazi, Waridi ya Masika

Kigoma, 6 Juni 1999

Mdogo wangu Dorothée,

Salamu toka ng'ambo ya ziwa. Magoti ya Mama namna gani? Sisi tuko wazima. Nimempa Mama Georgette wa mashua chupa mbili za parfum akuletee. Yasmini ni ya kiangazi na ya masomo, kidogo tu shingoni. Waridi ni nzito: ya masika na ya harusi. Usichanganye, utanuka kama duka! Na uache aibu, uongee na batu, we mutoto; mi dada yako mkubwa nakuambia.

Yaya wako,
Florentine

Baraka, 2 Julai 1999

Yaya,

Jambo sana. Tuko hai, magoti ya Mama yanalalamika tu. Chupa zimefika, merci. Lakini sheria zako zinanichosha! Rafiki yangu Saumu anaolewa mwezi wa nane. Kiangazi kinasema yasmini, harusi inasema waridi. Mi nifanye nini? Nakuambia siri: Nuhu, kaka yake Saumu, atakuwepo. Siwezi kumwambia hata bonjour. Nilitaka parfum imwambie.

Mdogo wako,
Dorothée

Kigoma, 25 Julai 1999

Mdogo wangu,

Salamu, na pole kwa habari za vita tunazosikia redioni. Nimeshasema: harusi ni waridi! Isipokuwa jua likiwa kali, basi yasmini. Isipokuwa jioni. Ugumu uko wapi?

Yaya wako

Baraka, 9 Septemba 1999

Yaya,

Usiulize hali. Tunapumua, basi.

Siku ya harusi nilichoka na mashauri yako, nikapaka zote mbili. Tulikuwa tunamvalisha Saumu, risasi zikaanza upande wa soko. Mama alikuwa mtoni kutoa mihogo aliyoloweka. Tukakimbia bila yeye, tukalala chini kwenye shamba la mihogo. Mi hata kukohoa sikukohoa. Jirani yetu Mama Marthe akanong'ona kwa hasira:

"We mutoto, nyamaza!"

"Sijasema kitu, Mama Marthe."

"Unasikika! Harufu ya maua yako itatuuza kwa basoda wenye bunduki. Toka hapa!"

Miaka yote mwalimu ananiambia, "Dorothée, plus fort, hatukusikii." Siku nimenyamaza kabisa, eti ninasikika! Nikatambaa peke yangu hadi mwisho wa shamba, nikilia, nikikulaani wewe na chupa zako. Nisamehe. Saa ile Mama sijui yuko wapi, na mi nanuka kama duka.

Jua lilipopinda, majani yakatikisika karibu. Nikafumba macho.

Alikuwa Mama, anatambaa kwa magoti yale yale.

"Nilipita hapa mara mbili sikukuona," akasema. "Kisha nikakusikia."

Saumu ataolewa masika, Mungu akipenda. Usiniandikie nipake ipi! Mama amesema zote.

Na tuliporudi Nuhu aliniuliza, batu wote wako pale: "Ni we ulikuwa unanukia vile shambani?"

Nikasema oui, kwa sauti. Alinisikia bila kusogea karibu.

Mdogo wako,
Dorothée