Picha ya Lango Letu

Tetu,
10 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka shuleni. U hali gani? Natumai kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona, na kwamba kazi ya kuchora mabango haijapungua. Mimi ni mzima. Mama na Cucu, mama yako, pia walikuwa wazima nilipowaona Jumamosi iliyopita.

Nakuandikia kwa ajili ya chama chetu cha kompyuta. Tunatengeneza programu ya simu yenye ramani ya kwetu Wamagana, ili dereva mpya wa gari la maziwa asipotee. Anaitwa Kyalo, ametoka Ukambani. Ni mtu mpole, lakini kwake vijia vyetu vyote vinafanana. Amewahi kupita lango letu bila kusimama, Cucu akabaki barabarani na mtungi wake.

Tatizo ni kwamba kila mahali kwenye ramani pana pini nyekundu, na pini zote ni sawa. Mwalimu Seth alitupeleka Wamagana kuijaribu. Cucu aliitazama tableti kwa muda mrefu, kisha akauliza nani amemwaga pilipili. Nilimwonyesha: hii ni kwa Ngendo, hii ni kanisa, hii ni sisi. Akasema kama ni lazima niwepo kumwambia, basi atanitumia mimi, na tableti irudi shuleni.

Mwalimu Seth anasema si lazima iwe pini. Tunaweza kuweka picha yetu wenyewe, na programu itaionyesha mahali pake. Nikasema baba yangu ni mchoraji. Rafiki yangu Shiro alisema amewahi kuona bango la Kutus ambalo mbuzi anacheka. Nikamjibu kwamba huenda ni lako.

Tafadhali tuchoree kituo cha maziwa cha kwa Ngendo, kanisa, kiwanda cha kahawa, zahanati, na nyumbani. Ramani itaonyeshwa siku ya wazazi, Jumamosi tarehe 19 Julai. Wazazi wote wamealikwa. Kutoka hapa hadi nyumbani si mbali, mtu anaweza kufika huko jioni hiyo hiyo.

Ni mimi binti yako,
Wakiuru


Kutus,
25 Mei 2025

Kwa Maitu, binti yangu,

Habari ya masomo? Barua yako imenifikia. Mimi niko salama, kifua kimetulia tangu jua lirudi. Mama yako alikuja juzi akaniambia umerefuka.

Mwambie Shiro mbuzi ni wangu. Mwenye bucha ndiye aliyetaka acheke.

Nimewachorea picha nne kwenye karatasi za manila, na sikufanya haraka. Ng'ombe wa Ngendo nimempa kengele, na nyuma yake nimeweka mlima na theluji yake. Kanisa lina madirisha yake yote. Kwenye kiwanda cha kahawa nimewachora akina mama wakichambua. Majina nimeandika kwa herufi zenye kivuli, kama ninavyofanya kwa maduka makubwa.

Ya nyumbani sijachora. Wewe ni mkubwa sasa, sababu unaijua. Babu yako Gikonyo alisema mtu mwenye ng'ombe wake hawezi kuzunguka akipaka milango ya wengine, na akanikataza kuingiza brashi zangu katika lango lile. Alifariki bila kuliondoa neno hilo. Siku ya mazishi nilikaa barabarani. Neno ambalo mzazi amekwenda nalo kaburini naliogopa, na sioni aibu kukuambia.

Tena sijui lango lina rangi gani siku hizi.

Mwanao na baba yako,
Moffat


Tetu,
7 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu tena. Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya. Sisi tu wazima, ila baridi imeanza na asubuhi ukungu haututoki mpaka saa nne.

Mwalimu Tryphosa, ambaye husoma barua zetu kabla hatujapewa, aliniuliza kwa nini baba anamwita binti yake mama yake. Yeye ametoka magharibi. Nilimweleza kwamba nina jina la mama yako, kwa hiyo kwako mimi ni Maitu. Akasema ni vizuri, lakini nisianze kukuamuru.

Asante kwa picha. Mwalimu Seth alizibandika ubaoni na kila mtu akazisifu. Tukazipiga picha, tukaziweka kwenye ramani. Baba, nakuomba usivunjike moyo. Kwenye simu kila picha inakuwa ndogo kama punje ya mahindi. Kengele haionekani, mlima hauonekani, herufi zimekuwa vumbi. Shiro alisema ng'ombe ni kiazi kilichoungua na kanisa ni mandazi. Weupe wa manila nao unatokea kama kisanduku, unafunika barabara.

Kuna jambo jingine. Programu huchukua katikati ya picha kuwa ndipo mahali penyewe, kwa hiyo miguu ya ng'ombe inaning'inia chini zaidi. Ukiipunguza ramani, ng'ombe wa Ngendo anaonekana amesimama ng'ambo ya mto. Mwalimu Seth ametuonyesha jinsi ya kuiambia programu kwamba mahali ni pale chini, picha inapogusa ardhi. Lakini picha lazima iwe na mguu mmoja ulio wazi.

Kwa hiyo tunaomba zingine. Kitu kimoja katika kila picha, rangi chache, pasiwe na maneno wala mandhari, na chini iishie kwenye ncha. Kwa ng'ombe, kichwa kinatosha.

Rangi ya lango ningeweza kukuandikia. Sitaiandika.

Ni mimi binti yako,
Wakiuru


Tetu,
2 Julai 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu kwako. Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi uliopita, na Mama hakuweza kuja Kutus kwa sababu ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Kwa hiyo sijui hali yako. Kama nilikuudhi niliposimulia maneno ya Shiro kuhusu kiazi, nisamehe. Nilitaka uone tulichokiona.

Ramani bado ina pilipili. Wenzangu wanataka tuchukue picha za mtandaoni, lakini ng'ombe wa huko ni wa Ulaya na kanisa lina mnara kama wa kasri. Niliwaomba wangoje.

Tulipofunga kwa siku chache nilikwenda nyumbani. Sasa nitakuambia: lango halina rangi. Ni kutu tupu, tangu Babu afariki hakuna aliyeligusa.

Nilimwuliza Cucu kuhusu neno la Babu. Alimaliza kwanza kuambua maharagwe yake. Kisha akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema:

"Gikonyo alisema brashi zisiingie. Basi zisiingie. Lakini lango lina upande wa nje, na upande huo uko barabarani. Mwambie baba yako alipake akiwa huko huko, aache brashi zake kwa Ngendo, kisha abishe kama watu wengine. Nitamfungulia mimi. Gikonyo hakusema Moffat asiingie."

Nilimwuliza kwa nini hakuyasema haya zamani. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Siku ya wazazi haijabadilishwa.

Ni mimi binti yako,
Wakiuru


Wamagana,
17 Julai 2025

Kwa Maitu, binti yangu,

Natumai baridi haijakushika. Huku ni kali, lakini jikoni kuna moto na nimelala vizuri. Ndama ni jike. Mama yako na Cucu wanakusalimu.

Hukuniudhi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa najifunza. Kuchora kidogo ni kazi ngumu kuliko ukuta mzima. Tangu barua yako ya Juni inifikie nimekuwa nikichora juu ya vifuniko vya soda, na kisichoonekana kwenye kifuniko nimekiacha. Vijana wa Kutus walinicheka, wakaniuliza kama naandika mabango ya siafu.

Kyalo anakuletea bahasha hii akipita na maziwa. Picha zote zimo, nimezikata ukingoni ili weupe usibaki. Ya zahanati msiigeuze juu chini; mguu wake ni ule upande wenye ncha. Shiro akimwona ng'ombe, aseme tena ni kiazi.

Ya nyumbani ni hii ya kijani. Cucu ndiye aliyechagua rangi, anasema ni ya majani ya chai yakiwa na umande. Upande wa ndani wa lango bado ni kutu. Nilitaka kusema kitu, akaniambia upande huo ni wake, ataupaka kwa kitambaa siku akipata nafasi.

Brashi ziko kwa Ngendo. Jumamosi nitakuja na Mama yako.

Mguu wa picha uko chini, katikati. Ni pale niliposimama kabla ya kubisha.

Mwanao na baba yako,
Moffat