Cherehani Aliyokuundia Faisal

Nyuma ya Barabara ya Alum Rock,
Birmingham.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Thuwaiba,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Naanza kwa kukuuliza hali, maana Ijumaa sauti yako kwenye simu ilikuwa nyembamba, na ulikata kabla sijauliza lolote. Jicho ulilopasuliwa limetulia? Matone bado unatia? Presha je? Na vuli ya huko Wete imekuja na mvua, au imekuja na mawingu tu? Sisi hapa tupo, tunazisukuma siku. Wifi yako Jokha goti linamsumbua tangu baridi ianze, lakini anakwenda dukani mwenyewe na fimbo anaikataa. Mimi sukari imepanda, daktari kanipunguzia wali. Alhamdulillahi kwa yote.

Kabla hujaendelea: kama jicho halijapona, usimpe jirani akusomee barua hii. Iweke mpaka uweze kuisoma mwenyewe.

Jumatano nilikwenda kaburini. Udongo umeshuka kidogo kwa mvua, nikaujazia. Tangu mwanao Faisal aanguke pale kituo cha basi tarehe tatu Septemba, asiamke tena, sijawahi kukaa mbele ya kaburi lake zaidi ya dakika kumi. Nilidhani ni baridi. Sasa najua ni nini, nawe nataka ujue.

Ijumaa uliniuliza kama sanduku lenye cherehani limeshakwenda posta. Nikakujibu kuwa natafuta boksi la kufaa. Ule ulikuwa uongo, wala haukuwa wa kwanza.

Ngoja nikueleze vizuri mwanao alikuwa akifanya nini, kwa sababu miaka yote hii mimi na wewe tuliita mchezo. Ni vipande vya plastiki, vingine virefu vyenye matundu, vingine magurudumu ya meno madogo kuliko kifungo cha shati, vinashikana kwa pini bila gundi wala msumari. Huuzwa ndani ya boksi pamoja na kitabu cha picha cha kukuongoza hatua kwa hatua, na ukimaliza unapata winchi inayonyanyua kweli, au lori ambalo gia zake zinabadilika. Faisal alianza na boksi moja alilolinunua kwa mwanafunzi wa Selly Oak aliyekuwa anahama. Baada ya miaka kumi na miwili alikuwa na maboksi sitini na mawili, mengine hayauzwi tena popote, na kabati lenye droo ndogo ndogo kama mia. Vipande alivipanga kwa umbo, si kwa rangi. Nilimwuliza kwa nini. Akanambia, "Mjomba, rangi jicho linaiona lenyewe. Umbo ndilo linalojificha."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipanda basi kwenda Kingstanding, kwenye ukumbi wa kanisa wanakokutana watu wa kazi hiyo. Mimi nikiwaambia watu kuwa yuko kazini. Mtu wa miaka arubaini na mmoja, hana mke, anachezea vitu vya watoto: niliona haya, Thuwaiba. Mara moja nilimwambia mbele ya wageni, "Wenzako wanajenga nyumba Fuoni, wewe unajenga plastiki." Alicheka pamoja nao, akasema, "Plastiki haina kesi ya kiwanja, mjomba."

Cherehani yako haikuwa na kitabu. Aliibuni mwenyewe kwa miaka miwili, akaunda, akabomoa, akaunda tena. Ukubwa wake ni sawasawa na ile yako nyeusi unayoshonea. Ukizungusha gurudumu la mkono, sindano inashuka na kupanda, na meno ya chini yanasukuma kitambaa. Alitaka kukuletea kwa mkono wake Disemba hii. Akisema, "Hii haitaki mafuta. Mama itabidi atafute sababu nyingine ya kunituma dukani." Vitu vyake vyote vingine, mtu mwenye subira na kitabu angeviunda. Hicho kimoja ndicho kilichotoka kichwani mwake.

Siku ya tatu tulimsomea hitima hapa nyumbani. Unajua inavyokuwa: chumba cha mbele hutolewa kila kitu, hutandikwa mabusati, watu wakakaa chini na juzuu zao. Nilijua watakuja masheikh na wazee wetu wa mji huu, wengine sijawaona tangu nistaafu. Nikawaza macho yao yatakavyopanda kwenye rafu za ukutani, alikopanga Faisal kazi zake. Tumelelewa kwamba maiti husitiriwa, hatajwi ila kwa wema. Mimi nikaihesabu kazi ile kuwa ni aibu yake, nikataka kumfunikia.

Jokha aliniona nikibeba. Akauliza, "Unamsitiri nini, kwani kaiba?" Nikamwambia arudi jikoni.

Maboksi na malori niliyapandisha juu nikayasukuma chini ya kitanda. Cherehani ilikuwa pana, kona ya ngazi ikaikataa. Watu walikuwa wanakaribia kufika. Nikachukua kisu cha siagi, nikijiambia nitatoa mkono wake tu, mwili upite. Mkono ulipotoka mwili ukalegea. Nikaendelea. Haikunichukua hata nusu saa. Kisha, ili mtu asije akaniuliza lile rundo ni la nini, nililimwaga ndani ya pipa alilokuwa akiwekea vipande vya ziada, maelfu kwa maelfu, nikakoroga kwa mikono miwili mpaka chini.

Watu walisoma, wakaomba dua, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeinua macho ukutani. Nakwambia hili kwa sababu nimelifikiri sana: hakuna hata mmoja ambaye angejali.

Walipobaki wachache, mlango uligongwa na watu saba nisiowajua, wanawake na wanaume, wa kila rangi ya mji huu. Walikuwa wenzake wa Kingstanding. Aliyetangulia anaitwa Évariste, Mkongo wa Bukavu, Mkristo. Alikuwa amevua viatu nje kwenye mvua kwa sababu hakuwa na hakika kwetu vinavuliwa wapi. Soksi zake ziliacha alama kwenye busati. Akala chakula alichopewa, akanisogelea akanong'ona, "Mzee, pole sana. Tunaomba kuona ile mashine ya mama yake, mara moja tu. Iko wapi?"

Nikamjibu kuwa nimeiweka mahali pa salama. Huo ndio uongo wa kwanza.

Baada ya arubaini ukanipigia wewe. Ukasema nguo zake zigawiwe, maboksi wapewe wenzake, wewe hutaki kitu ila ile cherehani tu. Nikasema ipo, nitaituma. Huo wa pili.

Basi nikakaa mezani na lile pipa wiki tatu, nikijaribu kuiunda upya. Nimekuwa fundi wa mabasi miaka ishirini na nane, nimefungua gia boksi nzito kuliko mtu. Nikadhani mashine ya plastiki itanishindaje. Nilikuwa na picha mbili zilizopigwa kwenye simu ya Jokha. Picha inaonyesha ganda, haionyeshi tumbo. Vipande nilivikisia. Vidole vyangu vimekuwa vinene, pini zinaniponyoka, Jokha anapita ananitazama. Mwishowe nilizungusha gurudumu, sindano ikashuka na kupanda. Nilifurahi, Thuwaiba. Niseme kweli, nilifurahi kama mtu aliyefaulu. Nikaanza kutunga moyoni barua nyingine, ya kukwambia: hii hapa, kazi ya mikono ya mwanao.

Jumatano jioni, nilipotoka kaburini, nilimwita Évariste anisaidie kuifunga, kwa kuwa wao wanajua jinsi ya kuvisafirisha vitu hivi visivunjike. Hakuifunga. Aliizungusha mara mbili, polepole, kichwa amekiinamisha.

"Mzee, hii haiko kazi ya Faisal."

"Ni yake," nikasema.

"Angalia sindano. Ingali chini, na meno yanavuta kitambaa. Faisal alikaa mwaka muzima juu ya hiyo tu. Mama yake anashona, haiko vile?"

Nikamsogezea magazeti ya kufungia.

"Nyie watu wa Zanzibar," akasema, "hata uongo munausema na adabu mingi." Alitania kidogo ili nicheke, nipate pa kutokea. Sikucheka. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alikaa kitini, mikono kati ya magoti. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi, haiko tena," akachukua koti lake.

Alipokwenda nilijaribu kupitisha kipande cha kanga. Mashine yangu ilikichana.

Wewe ungeligundua kabla ya mshono wa pili. Lakini usidhani nakuandikia kwa kuogopa kukamatwa. Nakuandikia kwa sababu nilipobaki peke yangu niliona nilichokuwa tayari kukufanyia: uiweke kando ya kitanda chako mpaka siku zako ziishe, uipapase gizani ukidhani hapa alipita kidole cha mwanao, kumbe ni changu.

Tarehe sita Disemba watu wa Kingstanding wana maonyesho yao ya mwaka. Faisal walimtengea meza tangu Agosti, na alipofariki hawakuiondoa. Nimewaomba wasiweke kitu juu yake. Kutakuwa na karatasi tu, yenye jina lake na jina la kitu kilichopaswa kuwapo. Nyuma ya meza nitakaa mimi na kanzu yangu na kofia yangu, na atakayeuliza kiko wapi nitamwambia nani alikivunja na kwa nini. Wazee waliokuja kwenye hitima nimewaalika pia. Mmoja amesema nimechanganyikiwa kwa msiba. Jokha amesema atakuja, ingawa tangu Jumatano hanisemeshi ila kuniambia chakula tayari.

Hii niliyoiunda mimi sitaituma ila uiombe, ukijua ni ya nani. Pipa zima naweza kukutumia, kwa kuwa vipande vya kwako vimo ndani yake, lakini sijui ni vipi kati ya vyote, na hakuna aliye hai anayejua. Lolote utakalosema nitalifanya.

Msamaha sikuombi kwa simu. Nakujua. Utasikia sauti yangu ya uzee, utasema "yamekwisha, kaka," halafu utakwenda kulia peke yako chooni kama ulivyofanya baba alipofariki. Umeniridhia mengi kwa sababu tu nilizaliwa mbele yako. Nilimchukua mtoto wako nikamleta huku, ukaridhia. Alipofariki nikamzika huku, viza yako haikupatikana kwa wakati, ukaridhia. Hili usiniridhie kwa sababu ya ukubwa wangu. Kaa nalo. Likikataa kutoka moyoni, liache lisitoke, na mimi nitabaki kaka yako mwenye deni hilo mpaka kaburini.

Nisalimie Bi Mize, mwambie dawa ya kuchua aliyompelekea Jokha imefika na inasaidia. Msalimie Kombo na wanawe. Faisal, Mola amnawirishie kaburi lake, na wewe akupe subira ambayo mimi sina uso wa kukuombea.

Wako akupendaye, ingawa nimekukosea,

Kaka yako,
Khatib