Udongo Ulioukataa

Pito,
Sumbawanga.
2 Juni 2024.

Mpendwa Baba mdogo Timoth,

Shikamoo. Na Mama mdogo Jenifa, shikamoo yake mfikishie kabla hujaendelea kusoma. Mnaendeleaje huko Urambo? Flavian alipopita huko na lori alituambia mmepata shamba zuri la tumbaku, ila mgongo unakusumbua. Pole sana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mama ambaye miguu inamvimba kila baridi ikianza, na mwaka huu imeanza na hasira. Mahindi yamekubali. Ulezi siyo sana.

Utashangaa kuona barua wakati namba yako Flavian ameshanipa. Simu ninayo. Lakini haya siyawezi kwa simu, maana nitalia mpaka salio liishe na utakuwa hujasikia kitu. Nataka urudi nyumbani, Baba mdogo. Hilo ndilo neno langu, mengine yote ni ya kukueleza kwa nini nina ujasiri wa kulisema.

Aliyemuua mdogo wangu Dominika amehukumiwa. Jumanne ya tarehe 21 Mei, Mahakama Kuu, hapa hapa Sumbawanga. Kunyongwa hadi kufa, ingawa wakili wake anasema watakata rufaa. Ni Christopha. Ndiyo, huyo huyo mnunuzi wa kimea wa Kizwite, aliyekuwa akiwalipa akina mama vizuri kuliko wenzake na kuwaulizia watoto wao kwa majina. Kikulacho ki nguoni mwako, nguo yenyewe tuliivaa wote.

Wanawake wanne, Baba mdogo, kwa miaka sita. Wote walikuwa wanapeleka kimea kwa wapika pombe wa mjini. Yule wa kwanza na Dominika unawajua, walikutwa kwenye mikaratusi. Ulipoondoka tukasema sasa tutalala. Mwaka 2018 akapotea mwingine, na Agosti 2020 akapotea Bertilla wa Katandala, mama wa watoto watatu. Wewe ulikuwa Urambo. Hapo ndipo watu wakaanza kutazamana, lakini hakuna aliyefungua mdomo kusema tulikosea. Na mimi sikufungua.

Jalada lilipita kwa wapelelezi watatu. Wawili wa kwanza walihamishwa, wakaliacha lilivyo. Wa tatu ni Afande Lwitiko, Mnyakyusa wa Rungwe, mtu mfupi mwenye maswali mengi kuliko katekista. Alitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, akinywa uji wa kila mtu, akiandika. Tulimcheka. Tulisema huyu katumwa kuhesabu kuku.

Aliyemfungua macho ni bibi Fransiska, yule mjane jirani yenu. Alikuwa anaokota kuni upande wa bondeni akaona ntumba moja mbichi katika shamba ambalo halijalimwa. Akamfuata Afande, akamwambia: "Mwanangu, nani anafukia majani mwezi wa nane?" Afande hakuelewa, kwao ni migomba na chai. Bibi ikabidi amfundishe kama mtoto wa shule kwamba ntumba, vile vichuguu tunamofukia majani, tunavipiga mwishoni mwa masika, majani yakiwa mabichi, ili yaoze. Mwezi wa nane majani ni makavu na udongo ni mgumu kama tofali. Hakuna Mfipa anayefanya kazi hiyo kiangazi, labda awe anaficha kitu.

Wakachimba. Bertilla alikuwa humo. Hatua chache kutoka hapo wakamkuta na yule wa mwaka 2018. Shamba lilikuwa limekodiwa na Christopha, miaka mitatu, bila kupanda hata mche wa maharage. Walipofika kwake Kizwite hayupo, ila ndani ya sanduku wakakuta vitambulisho vya kura vya wanawake watatu. Cha Dominika kilikuwemo, na ile picha aliyoichukia.

Walimtafuta miezi minane. Mara anaonekana Mpanda, mara Laela, mara hayupo kabisa. Alikamatwa kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, baada ya kumpigia mama yake simu siku ya Pasaka kumtakia heri. Kisha miaka mitatu ya kesi na kuahirishwa. Nilihudhuria kila siku niliyoweza. Kwa yule mwanamke wa kwanza jaji alisema ushahidi haukutosha, na ndugu zake walitoka bila kumsalimia mtu. Niliwaonea huruma sana.

Sasa nifike kwangu.

Unakumbuka mazishi. Christopha alikuja na debe la ulezi, akashika koleo, akafukia mpaka shati likalowa, wazee wakamsifu. Wewe ulipoitwa kutupia udongo ulikataa, ukarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama karibu yako, na mimi peke yangu nilisikia ulichosema: "Mtoto niliyemsimamia ubatizo siwezi kumfukia."

Usiku wa tatu wa matanga kikao cha ukoo kiliuliza kwa nini Timoth hakutupia udongo. Unajua kwetu asiyetupia anahesabiwa kuwa ana neno na marehemu. Wakaniuliza kama ulisema chochote. Nikasema sikusikia kitu. Nilisikia, Baba mdogo. Nilikuwa na hasira, nilitaka pawe na mtu wa kubeba, na wewe ulikuwa hapo. Kesho yake vijana wakachoma nyumba yako.

Baada ya hukumu wazee walikaa tena. Wakaniagiza nikuandikie kwa jina la ukoo kwamba "tuliteleza". Mzee Adolfu ndiye aliyetoa neno hilo, na wote wakaitikia. Nikawaambia sitaandika hivyo. Niliwaeleza niliyoyasikia makaburini, mbele ya Mama. Mama hajasema nami mpaka leo, ni siku ya nane. Anakusalimu wewe, mimi ananipita. Kiwanja chako kipo, hakuna aliyekigusa, na vijana wale, ambao sasa ni baba za watu, wameanza kufyatua tofali bila kuombwa.

Wanangu Loth na Elizabeth wanawasalimu. Bibi Fransiska anasema ukija umletee tumbaku ya kunusa, na isiwe kidogo.

Lakini sitegemei uanze safari kwa karatasi hii. Nimekata tiketi ya basi la Jumatatu tarehe 17, nitalala Tabora, Jumanne nitakuwa kwenu. Ukinikuta mlangoni, nakuomba usinipokee mzigo. Wala Mama mdogo asinipe kiti. Niache nisimame na begi langu, niseme mbele ya watoto wako kwamba nilisikia. Kisha mtaamua wenyewe kama mimi ni mgeni wenu.

Mungu awape afya, na akuponye mgongo.

Mimi binti yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Avelina